Masega Yaliyomshinda Baba

Wahenga waliotuambia tufuate nyuki tule asali hawakutueleza kazi iliyopo baina ya kumfuata nyuki na kuila hiyo asali. Kati ya mzinga na chupa unayoiona dukani kuna kisu, kuna maji ya moto, kuna jasho la usiku kucha. Na kama nilivyojionea nyumbani kwetu Masara likizo ya Agosti iliyopita, wakati mwingine kuna siri ambayo mzee humficha hata mwanawe wa kwanza.

Kwa misimu miwili mfululizo mama alikuwa akinipigia simu Nairobi na kunipa habari ile ile. "Asali imepungua." Sikushangaa. Mvua siku hizi haitabiriki, na mti usipochanua nyuki atatoa wapi? Nilituma kidogo nilichokuwa nacho, nikaendelea na shughuli zangu. Kumbe nyuki wa baba hawakuwa wamepunguza kitu.

Masara ni kituo cha biashara katika Kaunti ya Migori, kando ya barabara itokayo mjini Migori kuelekea upande wa Muhuru, kule ziwani. Mtu akikutajia Masara, aghalabu atakutajia dhahabu kwanza. Vijana huteremka mashimoni kwa kamba, mawe husagwa, na zebaki hutumiwa kukamata chembe za dhahabu kabla ya kuchomwa motoni iondoke. Mgodi mkubwa wa Macalder, ulio sehemu hizo hizo, ulifungwa katika miaka ya 1960, lakini wachimbaji wadogo hawakuacha kutafuta. Baba yangu alikuwa mmoja wao katika ujana wake. Baadaye akalima tumbaku kama majirani wengi, hadi alipoona kwamba kuni za kukaushia majani zilikuwa zikimaliza miti yote kilimani. Ndipo akageukia nyuki. Kwa lugha yetu ya Kijaluo asali huitwa mor kich, yaani mafuta ya nyuki, na baba alipenda kusema kwamba haya ndiyo mafuta pekee yanayotoka kwenye mti bila mti kukatwa.

Nilifika nyumbani Jumamosi asubuhi na wanangu wawili, tumechoka kwa safari ya usiku kucha kupitia Narok na Kisii. Baba alitupokea chini ya mti wa ober uliopo mlangoni. Kidole gumba cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Umeumia, baba?"

"Waya wa fremu ulinikwaruza," akajibu, kisha akaanza kuwauliza wajukuu wake habari za shule.

Mdogo wetu wa mwisho hakuwepo. Yeye yuko kidato cha tatu, na alikuwa amerudishwa nyumbani kabla shule hazijafungwa kwa sababu ya karo. Deni lilikuwa shilingi 18,500. Nilipomwulizia, mama alinivuta kando ya jiko akaninong'oneza, "Yuko huko mashimoni. Anabeba mawe. Anasema akipata ya karo ataacha." Mama hakulia, lakini alikoroga ule uji muda mrefu kuliko uji unavyohitaji.

Mchana nilikwenda ghalani kutafuta beseni. Huko nikakuta masanduku matatu yamefunikwa gunia safi na kufungwa kwa kamba. Nilifungua moja. Harufu ya asali ilinipiga puani. Ndani mlikuwa na fremu zilizojaa, masega yamezibwa kwa nta nyeupe. Nilihesabu masanduku yote matatu nikapata fremu 26. Fremu moja ya kiasi kile ikijaa vizuri hutoa asali ya kilo moja na nusu hivi. Nikasimama pale ghalani nikipiga hesabu ya karo kichwani.

"Hizo ni fremu ngumu," ilisema sauti nyuma yangu. Baba alikuwa amesimama mlangoni. "Hazikatiki. Nilizirina siku nne zilizopita. Nitawarudishia nyuki wale wenyewe."

"Zote 26?"

"Zote." Akaifunga tena ile kamba, polepole, mgongo wake ukiwa kwangu.

Labda msomaji wa mjini hajui kwa nini sega liitwe gumu. Acha nieleze, maana bila hilo habari hii haitaeleweka.

Nyuki huleta utomvu wa maua ukiwa na maji mengi. Huutia katika vijumba vya sega na kuupepea kwa mbawa hadi maji yapungue. Asali ikiiva, yaani maji yakishuka hadi chini ya asilimia 20 hivi, huziba kila kijumba kwa kifuniko chembamba cha nta. Kifuniko hicho ndicho muhuri wao. Asali iliyozibwa haichachi, na mrinaji mwenye busara huchukua fremu ambazo sehemu kubwa imezibwa, akaziacha zilizo wazi.

Katika mzinga wa gogo babu zetu walilikata sega lote wakalikamua pamoja na nta yake. Mizinga ya baba ni ya masanduku, iitwayo Langstroth kwa jina la kasisi wa Marekani aliyeisajili mwaka 1852. Ndani yake sega hujengwa katika fremu ya mbao. Unaondoa vile vifuniko vya nta pande zote mbili, unatia fremu katika pipa lenye mashine, unazungusha mpini, na asali inarushwa nje ya vijumba ikatiririka ukutani mwa pipa. Mashine ya namna hiyo ilivumbuliwa mwaka 1865 na Franz Hruschka, aliyekuwa mwanajeshi wa Austria. Faida yake ni kwamba sega hubaki zima ukalirudisha mzingani. Nayo faida hiyo si ndogo, kwani inakadiriwa kwamba nyuki hutumia asali ya kilo 6 hadi 8 kutengeneza nta ya kilo moja tu.

Lakini yote hayo hutegemea kisu. Sega likiwa limenyooka na limetokeza kidogo kupita mbao za fremu, kisu chenye moto hupita juu yake kama kinachokata mkate. Likiwa na mabonde, kisu hupita juu ya bonde bila kuligusa. Likiwa na mawimbi, kisu huzama mahali pamoja na kuelea pengine. Na masega mawili yakiungana, huwezi hata kuitoa fremu moja bila kuichana nyingine. Hayo ndiyo masega magumu.

Baba alikuwa na sababu ya kuwa nayo. Mizinga ile aliuziwa na watu waliopita vijijini wakiahidi kwamba wangerudi kununua asali yote. Hawakurudi. Fremu zao zilikatwa ovyo, nyingine fupi, nyingine nyembamba mabegani, kwa hiyo hazikukaa sawa ndani ya sanduku. Nyuki ana kipimo chake. Nafasi ya milimita 6 hadi 9 huiacha kuwa njia ya kupita. Ikiwa ndogo zaidi huiziba kwa gundi yake. Ikiwa kubwa zaidi hujenga sega humo. Ugunduzi wa nafasi hiyo ndio uliomwezesha kasisi Langstroth kuunda mzinga wake. Waliomwuzia baba mizinga hawakujali milimita, nao nyuki wakajaza kila pengo walilopewa.

Kwa hiyo nilimwamini baba. Karibu nimwamini kabisa.

Jioni mama aliniambia kwamba mashine ya kukamulia si yetu bali ya kikundi, na ilitakiwa kwa jirani Jumatatu asubuhi. Baada ya hapo zamu yetu ingekuwa imepita. Mdogo wangu naye alirudi magharibi, amejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope, akaosha uso bila kusema neno. Nilipomsalimu alinionyesha viganja vyake kwa kujivuna. Vilikuwa na malengelenge.

Usiku huo usingizi ulinikataa. Nilichukua taa nikaenda ghalani, nikafunga mlango na dirisha, maana nyuki wa kwetu hawana mzaha na hufuata harufu ya asali na mwanga. Nikaanza kuzitoa fremu moja moja na kuzipanga ukutani.

Fremu 9 zilikuwa na mabonde na mawimbi. Fremu 6 zilikuwa jozi tatu zilizoshikana kama ndugu wasiotaka kuachana. Fremu 2 zilikuwa na majana, yaani watoto wa nyuki, katikati ya asali. Hizo zote kweli zilikuwa ngumu.

Zikabaki 9. Nilizigeuza huku na huku mbele ya taa. Zilikuwa zimenyooka kama ukurasa wa kitabu. Sikuona bonde wala wimbi. Nikadhani macho yananidanganya, nikapitisha kiganja juu yake. Sawa kabisa.

Ndipo nilipoona alama. Pembeni mwa kila mojawapo kisu kilikuwa kimeanza kazi kikaacha. Kilikuwa kimeingia kwa kina upande mmoja, kikaruka, kikaingia tena, kikachana sega hadi katikati. Mbao za juu zilikuwa na makovu ya kisu, mengine mapya. Na kwenye fremu moja, pale mkono wa kushoto unaposhika, palikuwa na doa lililokauka la rangi ya kahawia ambalo halikuwa asali.

Waya haukumkwaruza baba kidole.

Niliketi juu ya debe nikayakumbuka mambo ambayo macho yangu yaliyaona mchana ule bila kuyaona. Baba hakunywa chai mbele yetu. Alisema ni ya moto mno, akaiacha hadi tulipoondoka. Mama ndiye aliyemkatia nyama. Wakati wa kufunga ile kamba alinipa mgongo. Kwa misimu miwili mzee huyu alikuwa akiingia ghalani peke yake, anaanza, anashindwa, anazifunika fremu gunia na kuzirudisha kwa nyuki, kisha anatoka na kuwaambia watu kwamba masega ni magumu.

Ningefanya nini? Kumwamsha mama nimwulize? Kumwendea baba na kumwambia, nimekugundua? Mtu mzima huvuliwa nguo na maneno kama hayo. Nilizirudisha fremu zote kama zilivyokuwa, nikafunga kamba.

Jumapili baada ya kanisa nilimfuata chini ya mti wa ober.

"Baba," nikamwambia, "nimekaa Nairobi miaka mingi na watoto wangu wananiuliza asali hutolewaje. Nashindwa kuwajibu. Hukuwahi kunifundisha kisu."

Akanitazama muda mrefu. "Kisu si cha kuchezea, nyara." Hivyo ndivyo baba anavyoniita, binti yangu.

"Ndiyo sababu nataka mwalimu. Nifundishe kwa zile ngumu. Nikiziharibu hakuna hasara, si ulisema ni za kurudishwa?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Mwambie mama yako aweke maji jikoni."

Tulianza machweo, mlango umefungwa. Paa la mabati lilikuwa limelichoma ghala mchana kutwa, na hilo lilikuwa jambo jema, kwani asali yenye joto hutoka na iliyopoa hung'ang'ania. Baba aliketi kwenye kigoda. Aliniagiza nilaze ubao juu ya beseni kubwa, ubao uliopigiliwa msumari ncha ikitazama juu. Pembe ya fremu husimama juu ya ncha hiyo ili uweze kuizungusha bila kuinyanyua. Sufuria ya maji ya moto iliwekwa mkono wa kulia na visu viwili ndani yake, kimoja kikifanya kazi kingine kikipata moto, na kitambaa kikavu kando.

"Futa kisu kila mara," akasema. "Tone la maji katika asali ni mwizi uliyemfungulia mlango mwenyewe."

Nilianza na zenye mabonde. Aliniambia niiinamishe fremu mbele kidogo ili vifuniko vikikatika vianguke beseni visirudi kushika sega. Kisu kipande kutoka chini kwenda juu, kwa kusogezwa mbele na nyuma kama msumeno, bila kusukumwa kwa nguvu. "Na mkono wako wa kushoto," akasema, kisha akakatiza. Akakitazama kidole chake. "Ushike nyuma ya mbao, usiushike juu. Kisu kinapokuja juu hakijui kidole."

"Ndiyo, baba."

Sehemu zilizotokeza zilikatika. Mabonde yakabaki yamezibwa, meupe, yananicheka. Nikachukua kisu nikataka kuchimba. Baba alinishika mkono kwa sauti, si kwa mkono. "Acha! Ukichimba unavunja ukuta wa vijumba, na msimu ujao nyuki watajenga bonde jingine hapo hapo. Lete uma."

Wenye uwezo hununua uma maalumu wenye meno mengi membamba. Sisi tulitumia uma wa mezani wa mama. Unauingiza meno yakiwa yamelala, chini kidogo tu ya vifuniko, unainua, na vifuniko vinatoka kama ngozi juu ya maziwa. Ni kazi ya polepole. Mara mbili niliharakisha, na mara mbili sega likaporomoka beseni. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Kwa yale yenye mawimbi nilifundishwa kutoonea huruma mwinuko. Ukate hadi usawa wa mbao, hata kama unakata asali nyingi. Asali hiyo haipotei, kwani inaanguka beseni pamoja na vifuniko na itachujwa kwa kitambaa safi hadi asubuhi. Faida ni ya kesho, maana nyuki watalijenga sega upya kuanzia kwenye usawa.

Jozi zilizoshikana zilinitoa jasho. Baba alinikataza kuzivuta. Kisu cha moto kinapitishwa katikati, polepole, kama unayetenganisha chapati mbili zilizogandana. Jozi moja ilikubali. Jozi mbili zilikataa, tukazikata masega yote tukayakamua kwa kitambaa kama walivyofanya babu zetu.

Zile mbili za majana zilimwumiza. Fremu yenye watoto haikamuliwi. Hurudishwa mzingani jioni ile ile wawalee. Hizi zilikuwa zimekaa nje siku tano na majana yalikuwa yamekufa. "Sikuwahi kufanya kosa hili," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa na haraka ya kuzificha." Akastuka aliposikia neno lililomtoka. Nikajifanya ninafuta kisu. Tulikata sehemu ile yote na asali iliyoizunguka, na asubuhi kuku wa mama walifanya karamu.

Mdogo wangu alikuwa ameingia bila kuambiwa na kushika mpini wa mashine. Baba alimfundisha kuzungusha taratibu kwanza, upande mmoja utoke nusu, kisha kugeuza fremu, kuzungusha hadi upande wa pili uishe, halafu kurudia ule wa kwanza. Ukikimbiza mashine mwanzoni, uzito wa asali ya upande wa ndani huvunja sega. Watoto wangu walikuwa kando ya beseni wakitafuna nta. Mtoto mchanga wa jirani, ambaye mama yake alikuja kutusaidia, tulimnyima, maana mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapewi asali hata tone, isije ikamletea sumu ya tumbo.

Ilipokaribia saa sita za usiku zilibaki zile 9. Nilikuwa nimezipanga mwisho kwa makusudi. Niliweka ya kwanza juu ya msumari na kisu kikapita mara moja, chini hadi juu, na vifuniko vikaanguka vyote kama shuka inayovuliwa kitandani. Nikageuza upande wa pili. Vivyo hivyo.

Hakuna aliyesema neno. Mashine ilikuwa imesimama. Nilichukua ya pili, nikachukua ya tatu. Ilikuwa ile yenye doa.

"Hizo hazikuwa ngumu," baba akasema.

"Najua, baba."

Akautoa mkono wake wa kulia chini ya koti, mahali alipokuwa ameuficha tangu tuanze, akaunyoosha mbele ya taa. Ulipokuwa umelala juu ya goti ulitulia. Alipouinua kukielekea kisu ukaanza kutetemeka kama jani. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akamtazama mdogo wangu kwa muda mrefu zaidi.

"Umeanza lini?" niliuliza.

"Mwaka wa pili sasa. Nilifikiri nikikaa kimya utaondoka. Kisha nikafikiri mama yenu akijua, ataniambia niuze mizinga. Na mizinga ikiuzwa, huyu," akamwelekeza mdogo wangu kidevu, "ataenda mashimoni. Nimeificha, na bado ameenda mashimoni."

Kijana aliuacha mpini wa mashine. Alikuja akachukua kisu cha pili kutoka kwenye sufuria, akakifuta vizuri kwa kitambaa, akaniambia, "Dada, sogea kidogo." Baba alimwonyesha pa kushika. Fremu sita za mwisho alizikata yeye, na mbili za mwanzo hazikupendeza, lakini baba hakumkaripia.

Tulipata kilo 31 za asali. Mnunuzi wa Migori alitoa shilingi 700 kwa kilo, jumla shilingi 21,700. Karo ililipwa na shilingi 3,200 zikabaki. Nta tuliiyeyusha katika maji ya moto, tukaichuja na kuiacha igande juu. Fremu zilizokamuliwa zilirudishwa mizingani jioni, kwani ukizirudisha mchana nyuki wa mizinga mingine huja kupora na vita huzuka.

Kabla sijarudi Nairobi nilimpeleka baba hospitali. Daktari alimpima, akamwambia anyooshe mikono, amimine maji kikombeni, achore duara. Kisha akamwuliza kazi alizofanya ujanani. Baba akamweleza juu ya dhahabu, jinsi walivyokanda zebaki kwa mikono mitupu na kuichoma juu ya moto ndani ya nyumba. Daktari akasema mtetemo wa namna hiyo huwapata wazee wengi bila kugusa zebaki, na kwamba hangeweza kuapa kuwa chanzo ni hicho. Lakini akasema pia kwamba mvuke wa zebaki hudhuru mishipa ya fahamu, na kutetemeka kwa mikono ni mojawapo ya dalili zake. Aliagiza vipimo, akampa dawa ya kuupunguza mtetemo. Mdogo wangu alikuwa amekaa karibu na mlango. Sikuwa na haja ya kumhubiria. Alikuwa akivitazama viganja vyake.

Tangu wakati huo mambo kadhaa yamebadilika katika boma letu. Seremala wa Masara ametengeneza fremu mpya kwa kipimo, na zile mbovu zimekuwa kuni. Wavu wa kumzuia malkia asipande kutaga kwenye masanduku ya asali umewekwa. Baba pia ameagiza kwamba masega yakishajengwa vizuri, sanduku lenye nafasi ya fremu 10 liwekwe fremu 9 zilizoachana sawasawa. Nyuki hulinenepesha sega likatokeza nje ya mbao, na kisu hakikosi pa kupita. Usifanye hivyo masega yakiwa bado hayajajengwa, maana watajaza pengo kwa sega la ovyo na utarudi ulikotoka.

Mdogo wangu hukata wikendi zake za mapumziko na baba hukaa kigodani akiamuru. Mkono bado unatetemeka, ingawa si kama zamani. Chai hunywa mbele ya watu, kikombe kimejazwa nusu, na wajukuu wamezoea.

Mimi nimebaki na swali ninalojiuliza kila simu ya nyumbani inapolia. Mama aliponiambia asali imepungua, kwa nini sikuuliza imepunguaje? Sisi tulio mijini tumezoea kusikia shida na kutuma pesa, kana kwamba pesa ni jibu la kila swali. Wazazi wetu nao wamezoea kutupa sababu zinazoturidhisha, kama mvua, masega au uzee. Pengine wiki hii, msomaji, mzee wako amekwambia kwamba jambo fulani limekuwa gumu. Usimbishie, wala usimwamini haraka. Panda gari uende, umwombe akufundishe kulifanya.